Mfanya Biashara Mdogo Atafute Wenziwe

Hotuba iliyosomwa na kikundi cha wafanya biashara wa sokoni mbele ya mkutano wa tawi



Tumeombwa tuseme habari za biashara ndogo ndogo. Hatukuja kuwafundisha namna ya kupata utajiri, maana sisi wenyewe hatujauona. Sisi ni watu 14 wa meza na magenge: wauza nyanya, wauza mitumba, mama lishe, fundi cherehani, na kijana mmoja anayetengeneza simu. Neno letu ni moja. Mtu akianza biashara hukimbilia kutafuta mtaji. Sisi twaona yampasa atafute watu kwanza.

Wengine watasema, "Watu tunao. Tuna ndugu na jirani." Ndiyo, lakini tuulizane kweli: ndugu akifika mezani kwako huja kununua, au huja kuchukua? Jirani atakuombea Mungu akuzidishie, na dua ni njema, lakini haikuonyeshi ulipokosea hesabu. Wa kutusifu ni wengi. Wa kukaa nasi na kufungua daftari ni haba.

Tuna mwenzetu, mama wa vitumbua. Kila asubuhi aliuza vitumbua 200 kwa shilingi 100 kimoja, akarudi nyumbani na shilingi 20,000 mkononi. Akajiona anakwenda vizuri. Lakini kila mwisho wa mwezi alikuwa mtu wa kukopa, naye alidhani amelogwa. Siku moja tukaketi naye baada ya soko kufungwa tukahesabu. Mchele 8,400, mafuta 6,500, nazi 3,000, mkaa 2,000, sukari 1,500, hamira na iliki 600. Jumla 22,000! Kila siku alikuwa anawalipa wateja shilingi 2,000 ili wale vitumbua vyake. Hakuiona hasara hiyo kwa sababu mkaa aliuchota wa nyumbani, na nazi alichukua kwa mkopo.

Alikasirika sana. Alisema twamwonea wivu, na wiki nzima hakutusalimu. Kisha akapandisha bei, kitumbua shilingi 150. Siku ya kwanza nusu ya sinia ilirudi, nasi tukavinunua sisi wenyewe tukala mpaka tukachoka. Siku ya nne wateja walirejea. Ndugu zangu, hakuna benki ambayo ingemfanyia mama yule kazi hiyo. Na kama angekwenda kwa hawa wakopeshaji wa mitaani, wenye mikopo watu waliyoiita kausha damu, leo hata sinia lingekuwa limechukuliwa.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Kule Mwanza, Paul Bomani alianzia katika ushirika wa wafanya biashara Waafrika wa mjini kabla ya kuwashika mkono wakulima wa pamba. Wakulima wale walikuwa na shaka kubwa juu ya mizani ya wanunuzi. Hawakuanza na kiwanda. Walianza kwa kuweka watu wao wasimame kando ya mizani waangalie uzito. Kutoka katika jambo dogo kama hilo vikakua vyama, na kufika mwaka 1955 wakawa na muungano wa vyama vya ushirika wa Kanda ya Ziwa nzima. Na Bibi Titi Mohamed alipowaita akina mama wa Dar es Salaam waingie TANU mwaka 1955, alikwenda katika vikundi vya ngoma, kwa wanawake ambao wengi wao walikuwa wapika pombe na wauza maandazi. Walikuwa wamekwisha juana. Walikuwa wamezikana na kuozeshana.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Wazee wetu waliokuwamo wanasema vilivyorudi havikuwa vile vile, na sisi twawaamini. Watu walioamriwa kukaa pamoja si sawa na watu waliotafutana. Hata leo tunaviona vikundi vinavyoundwa Jumatatu kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10, na pesa zikishagawanywa hata mwenyekiti hajulikani alikohamia. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya mambo ya namna hiyo, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Tunaitaka mikopo hiyo, ni haki yetu. Ila kikundi kitangulie, mkopo ufuate.

Na sisi tusijifanye malaika. Tulikuwa tunacheza upatu, kila mtu shilingi 10,000 kwa wiki, na kijumbe wetu alikuwa mtu tuliyemwamini kuliko wote. Wiki moja zamu ilikuwa ya fundi cherehani, naye alikuwa amekwisha agiza mashine. Pesa hazikuwapo. Kijumbe alikuwa amelipia hospitali matibabu ya mwanawe, na aliona haya kutuambia. Shilingi 140,000! Fundi alilia mbele yetu. Wengine walitaka twende polisi, wengine walitaka kikundi kife siku ile ile. Tulibishana mpaka usiku.

Mwishoni tulikubali kwamba kosa lilikuwa lake, na letu pia. Lake kwa kuchukua, letu kwa kumwachia mtu mmoja pesa za watu 14 pasipo hata kufuli. Tukachanga upya tukampa fundi mashine yake. Tukanunua sanduku la makufuli matatu, funguo zikakaa kwa watu watatu, nalo hufunguliwa mbele ya wote. Tukaanzisha na mfuko wa shida, kila mtu shilingi 1,000 kwa wiki, ili mwenye mgonjwa aseme mchana pasipo kuona haya. Jambo hili la mwisho ndilo tungalifanya kwanza kama tungalikuwa na akili.

Kijumbe hakufukuzwa. Yupo hapa leo, amekaa nyuma pale, naye ameturuhusu tuyaseme haya. Hashiki ufunguo. Hulipa shilingi 5,000 kila wiki, na deni lililobaki ni shilingi 35,000. Tunakutana kila Jumatatu saa 12 jioni, nyuma ya magenge ya nyanya. Anayetaka kuja na aje na daftari lake.