Maneno Juu ya Ua wa Mpungate



Tuliagizwa tueleze habari za ua wa mpungate uliozunguka bustani ya chama, nasi twasema bila kuficha, kwa kuwa lawama ni yetu.

Nchi yetu ni kame, na ua wa miti mingine ulikufa mara mbili. Mpungate haukufa. Mmea huu hufungua vitundu vyake vya kuvuta hewa usiku, wakati wa baridi, na mchana huvifunga, basi maji yake hayapotei. Yale tuyaitayo majani ni shina lililonenepa kwa maji. Majani yenyewe yamegeuka miiba.

Kuupanda si kazi kubwa. Kata kipande kipana, kiache kivulini wiki mbili hata kidonda kikauke, kisha ufukie theluthi yake katika mchanga usiotuamisha maji, wala usikinyweshe mpaka kishike mizizi. Sisi hapo kwanza tulivipanda vibichi, tukavimwagilia kila jioni, vikaoza vyote. Tulipojifunza, ua ukapita kimo cha mtu, asiingie mbuzi wala mwizi.

Kosa letu ni hili. Tulipoupunguza, tulitupa vipande nje, upande wa malisho. Vikaota. Matunda nayo huliwa na nyani na ndege, na mbegu zikaenda mbali. Sasa mbuzi wa jirani zetu wamechomwa midomo na ndimi, na mzee mmoja aliyeketi hapa alituuliza kama chama cha ustawi kimekuwa chama cha miiba. Hatukuwa na jibu.

Wala si jambo dogo. Huko Laikipia mpungate wa aina nyingine, iliyo fupi zaidi, umefunika malisho mengi, hata wakaletwa wadudu wa kuufyonza. Nchi ya Australia, katika miaka ya 1920, ilikuwa na ekari kama milioni 60 zilizotwaliwa na mmea huu.

Ua wenyewe twaomba ubaki, maana karo za yatima hutoka katika mboga za bustani ile. Lakini Jumamosi ijayo twende malishoni, kila mtu na koleo na gunia. Mapanga yaachwe nyumbani, kwani kila kipande kikatwacho huota tena. Tung'oe pamoja na mizizi, wala tusikokote chini. Shimo limekwisha chimbwa nyuma ya stoo.