Kikaragosi cha Filamu Kisichochoka Upesi

Leo tunatengeneza kikaragosi cha filamu ya picha moja moja: unakisogeza kidogo, unapiga picha, unakisogeza tena. Picha zikipitishwa haraka, kinaonekana kinatembea chenyewe. Kwa picha 12 kila sekunde, filamu ya dakika moja inataka picha 720. Kiwiko kitakunjwa na kukunjuliwa mno, na hapo ndipo vikaragosi vingi hukatikia.

Tuanze na mifupa. Tafuta waya laini wa alumini, unene wa milimita 1.5 hivi. Waya mgumu wa chuma haufai. Ukiukunja unarudi nyuma, na mkono haubaki ulipouweka. Shaba ya nyaya za umeme nayo hukakamaa upesi, kisha hukatika. Chukua nyuzi mbili za alumini, zisokote pamoja bila kuzikaza kupita kiasi.

Sasa kanda gundi ya epoksi, ile ya mafundi bomba, ufunike nayo mifupa ya mikono na miguu. Viungo viache wazi, kila kimoja nafasi ya sentimita moja, ili waya upinde taratibu badala ya kuvunjika kwa pembe kali.

Katika kila unyayo gandisha nati ndogo. Toboa ubao wa jukwaa, pitisha skrubu kutoka chini, kaza. Kikaragosi kitasimama hata kwa mguu mmoja.

Nyama ni sponji ya godoro kuukuu. Nguo ni vipande kutoka kwa fundi cherehani. Epuka manyoya. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, sokwe alivikwa ngozi ya sungura, na manyoya yake yanaonekana yakichezacheza kwa sababu ya vidole vya waliomsogeza.

Hata hivyo, hakuna waya usiokatika. Kwa hiyo usiufunge mkono begani moja kwa moja. Weka pale konekta ya umeme, ile ya kubana nyaya kwa skrubu. Mkono ukikatika, legeza skrubu, chomoa, chomeka mwingine, kazi iendelee.

Basi, msikilizaji, kabla hujapiga picha ya kwanza, tengeneza mikono ya akiba, yote ya kipimo kimoja. Gharama yake ni waya kidogo tu.