Uelewa wa Watoto Kuhusu Vitamini D na Asili Yake

Vitamini D hutengenezwa kwa sehemu kubwa ndani ya mwili wenyewe, na hapo ndipo watoto wengi wanapokosea. Mwanafunzi aliyezoea kusikia kwamba vitamini ni matunda na mboga hutaja chungwa au mchicha, vyakula ambavyo havina vitamini hiyo. Aliyefundishwa zaidi hujibu "juani", akidhani inashuka pamoja na mwanga. Jua halina vitamini. Miale yake ya urujuanimno hugeuza kemikali iliyomo kwenye ngozi, kisha ini na figo hukamilisha kazi. Vitamini D ikipungua, utumbo haufyonzi kalsiamu ya kutosha; mifupa ya mtoto hubaki laini na miguu hupinda, ndiyo matege.

Mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa mwanga wa taa ya zebaki. Alipomulika mkono mmoja, mifupa ya mkono wa pili nayo ilipona. Kisa hiki kinafaa sana darasani: mtoto anaona mara moja kwamba kinachoundwa kwenye ngozi husafiri mwilini.

Suala la saa ya kuota jua linahitaji uangalifu zaidi. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki huamini jua la saa moja asubuhi, lakini wakati huo miale hupita angani kwa mshazari na ile inayohitajika hufika kidogo mno. Kipimo rahisi ni kivuli. Wanafunzi wawili hutoka kwenda uwanjani na kamba. Mmoja anasimama wima, mwenzake anapima. Kivuli kikiwa kifupi kuliko mtu, miale inatosha. Dar es Salaam hali hiyo huanza kati ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, kutegemea mwezi. Dakika chache hutosha, ngozi isiachwe iungue. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi, na kioo cha dirisha huzuia miale hiyo. Watoto wenye ualbino wasihusishwe kabisa na ushauri wa kuota jua, kwa kuwa ngozi yao huungua na kupata saratani kwa urahisi.

Kwenye chakula, vitamini D imo katika samaki wenye mafuta kama vibua, kiini cha yai, maini, na uyoga uliokatwa ukaanikwa juani. Maziwa ya mama yana kiasi kidogo tu.

Hata hivyo, jua peke yake si kinga. Nchini Nigeria, kwenye jua tele, watoto wamepata matege kwa sababu mlo wao ulikosa kalsiamu. Kwa hiyo somo la vitamini D lifundishwe pamoja na vyakula vya kalsiamu kama dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na maziwa, na walimu wa shule za msingi waanze na zoezi la kivuli kabla ya orodha ya vyakula.