Ahadi Bila Stakabadhi

Hotuba ya mzee mmoja wa Chama katika mkutano wa tawi



Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kutazamwa macho. Jioni moja rafiki zangu wawili, tuliosoma pamoja zamani, waliniketisha sebuleni tutazame sinema ya vita. Nilidhani nitaona Wazungu wakipigana na Wazungu, kama ilivyo kawaida. Kumbe nimeitwa kumtazama baba yangu.

Sinema hiyo yaitwa Camp de Thiaroye. Waliitengeneza Waafrika wenyewe mwaka 1988, Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, kwa ushirikiano wa Senegal, Algeria na Tunisia. Sembène naye aliwahi kuwa askari katika vita ile. Maneno mengi ni ya Kifaransa, lakini mjukuu wa mwenyeji wetu alitufasiria.

Ndugu zangu, habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1940 Wajerumani waliishinda Ufaransa, wakawateka maelfu ya askari Waafrika waliokuwa wakiipigania. Mwaka 1944 wengi wakafunguliwa. Zaidi ya elfu moja walirudishwa kwa meli hadi Dakar, wakawekwa katika kambi ya Thiaroye. Malipo yao hawakupewa, wakapewa maneno. Walipozidi kudai, alfajiri ya tarehe 1 Desemba, 1944, jeshi lile lile walilolitumikia likawamiminia risasi. Wakubwa walisema waliokufa ni 35. Wako wanahistoria wasemao ni wengi zaidi ya hao. Wengine 34 wakahukumiwa kifungo, eti ni waasi. Ikapita miaka 80 ndipo Rais wa Ufaransa, Novemba 2024, alipokiri kwa barua kwamba yale yalikuwa mauaji ya kikatili.

Katika sinema, askari wanaambiwa fedha zao zitabadilishwa kwa nusu ya thamani. Wanamzuia jemadari. Jemadari anaapa kwa heshima yake kwamba watalipwa sawasawa. Wanamwachia, wanacheza ngoma kwa furaha. Usiku yupo mlinzi mmoja, Pays, ambaye mateso ya kambi ya Wajerumani yalimfanya bubu. Anaona vifaru vinakuja. Anakimbia kuwaamsha wenzake. Nao wanamtuliza kama mtoto: huyu maskini akili yake imebaki Ujerumani. Wanarudi kulala.

Hapo rafiki yangu mmoja akasema, “Hayo ni ya Mfaransa. Mwingereza alikuwa na utaratibu.” Nikamjibu: mwezi ule ule wa Desemba, 1944, marehemu baba alikuwa Burma na Keya, katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakitoka bonde la Kabaw kuvuka mto Chindwin. Risasi haikuchagua rangi, lakini mshahara ulichagua: Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu. Baba alirudi na koti zito na kikombe cha bati. Kila akianza kusema juu ya fedha alizoahidiwa, sisi watoto tulicheka: “Mzee ameanza Burma yake.” Akafa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika nani alimwahidi nini. Tulimfanya yeye kuwa Pays.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kumlaani mkoloni ni rahisi, maana hayupo hapa. Lakini msimu uliopita wakulima wetu walitoa pamba, wakaambiwa njooni kesho, na kesho ile haijafika. Mama mmoja alisimama katika mkutano kama huu akauliza fedha ziko wapi. Akaambiwa, “Kaa chini mama, hujui hesabu.” Watu wakacheka. Ndugu zangu, na mimi nilicheka. Leo naomba radhi mbele yenu, kwani mama yule alikuwa ameona vifaru.

Kwa hiyo naleta mambo matatu. Kwanza, pamba isipimwe bila mkulima kupewa stakabadhi yenye uzito, bei na tarehe ya kulipwa. Pili, hesabu zisomwe hadharani, na atakayeuliza asizomewe. Tatu, vijana mliosoma mchukue daftari, mwende kwa wajane na watoto wa askari wa Keya, mwandike wanayoyakumbuka kabla hayajazikwa.

Sinema ile inaisha kwa vijana wengine Waafrika wakipanda meli kwenda vitani, wala hawana habari ya wenzao waliozikwa Thiaroye. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Anayenyimwa habari za jana atauziwa ahadi ile ile kesho, kwa bei ile ile.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Nami naongeza: deni liandikwe.

Uhuru na Kazi!