Ukishanoa Kisu cha Mashine ya Nyasi, Pima Uzito Wake
(Maneno ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wanaokata nyasi, Kakamega)

Mvua zetu za Aprili na Mei mnazijua: uwanja wa shule uliokatwa Jumatatu, wiki ijayo ni malisho. Kisu butu hakikati nyasi, kinazirarua. Ncha zinakauka, na mwalimu mkuu anatafuta mtu mwingine.

Kwanza, zima mashine na uchomoe waya wa plagi. Sisemi kwa mzaha. Ukizungusha kisu kwa mkono injini yaweza kuwaka, na vidole havioti tena. Ukiilaza, kabureta iwe juu, petroli isimwagike.

Fungua kisu, kibane, unoe kwa tupa ukifuata mshazari kilichotoka nao kiwandani. Ukitumia grainda, usikiache kigeuke buluu. Chuma kilichoungua hakishiki makali.

Sasa hapa ndipo wengi wanaporuka, hata mafundi. Piga msumari ukutani, utundike kisu kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito. Upunguze kwa tupa kidogo kidogo mpaka kisu kikae bila kuinama. Kinazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Kikiwa kizito upande mmoja, mashine nzima inatetemeka, bolti zinalegea na beringi zinakufa. Hapo fundi wa jua kali atakutajia bei ya kumeza malipo ya mwezi mzima. Kisu chenye ufa au kilichopinda usikinyooshe, nunua kipya.

Msumari nimekuja nao, nyundo ile pale. Nani anaanza?