Dawa Ikikudhuru, Sema

Ukimeza dawa kisha vipele vikakutoka au midomo ikafura, usinyamaze. Wahi kituo cha afya na pakiti yako mkononi, mhudumu akutibu na aiandikie ripoti Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya. Ripoti hizo zina uzito mkubwa, kwani kufuatilia madhara huongoza uamuzi kuhusu dawa. Kwa mfano, mwaka 2018 utafiti wa Botswana ulizua hofu kwamba dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI, huenda inadhuru uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Kina mama wengi zaidi wakafuatiliwa, hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyohofiwa, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, wajawazito wakiwemo. Basi mama, baba, kijana: usikae na dalili nyumbani.