Daftari Ndilo Tangazo Lako

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wahitimu wa kisomo, Makambako)



Nimeombwa niseme jinsi ya kupata wateja wa biashara ndogo ya kusimamia nyumba za watu. Nitasema niliyoyaona mwenyewe.

Kazi hii si ngeni nchini. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba mengi ya kupangisha, ikaweka ofisi ya Msajili wa Majumba iyasimamie. Mwaka 1990 kazi hiyo ilihamia Shirika la Nyumba la Taifa. Lakini je, nyumba ya mwalimu aliyehamishwa, au ya mjane mzee, nani ataisimamia? Hapo ndipo penye kazi yetu.

Msimamizi si dalali. Dalali humtafuta mpangaji, huchukua chake, huenda zake. Msimamizi hubaki. Anakusanya kodi, anaziba paa linalovuja, anasuluhisha ugomvi wa choo na maji.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia Iringa. Nilikusanya kodi ya vyumba vyake 3. Mvua ikaezua paa, nikanunua mabati na misumari, nikamlipa fundi. Sikuandika kitu. Mzee alipokuja Krismasi akaniuliza, "Mwanangu, fedha zangu ziko wapi?" Nikababaika. Wallahi sikula hata senti yake, lakini ningeonyesha nini? Alichukua funguo zake. Habari zikaenea, na mwaka mzima hakuna aliyenipa hata banda la kuku.

Halafu mama mmoja mjane alinipa nyumba yake ya vyumba 2. Safari hii nilinunua daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika fedha zilizoingia, wa kulia zilizotoka. Kila mpangaji nilimpa stakabadhi. Kila mwisho wa mwezi nilimsomea mama hesabu, kisha nikaipiga picha kwa simu na kumpelekea mwanawe Dar es Salaam. Mwanawe akamwonyesha rafiki yake mwenye nyumba huku kwetu. Rafiki akanipigia simu. Basi, huyo ndiye mteja wa pili! Sikumtafuta mimi. Daftari ndilo lililomtafuta.

Kwa hiyo, ukitaka wateja fanya hivi:

Kwanza, anza na nyumba moja, uitunze vizuri. Majirani wanaona.

Pili, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji. Chukua leseni ya biashara halmashauri na namba ya mlipa kodi. Mtu hampi funguo asiyejulikana.

Tatu, waone wenye nyumba wanapokuja likizo mwezi wa Desemba. Usiwafuate msibani. Nenda kwao kwa adabu, na daftari mkononi.

Nne, sema bei yako wazi. Kwa mfano, nyumba ina vyumba 6, na kila chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 180,000. Ukikubaliana asilimia 10, chako ni shilingi 18,000. Mwandike mkataba, mtie sahihi wote wawili, mbele ya shahidi.

Tano, usiguse kodi ya mtu hata mtoto akiugua usiku. Kopa kwa ndugu. Kodi ukishaila, hata ukirudisha kesho, moyo wako hautakuwa na amani tena mbele ya daftari.

Sita, mheshimu mpangaji. Leo amepanga, kesho atajenga. Atamkumbuka nani?

Ndugu zangu, wengine wanatundika vibao vikubwa vya rangi. Si vibaya. Lakini kibao kinasema maneno yako mwenyewe. Daftari safi linasemewa na watu wengine. Kalamu tuliyofundishwa kushika darasani, tuishike na kazini.